Bi Rudisha, Aliyekataza Kosa Kumezwa Kimya

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, mtoto wa mwisho wa fundi cherehani na mkunga. Shuleni alikuwa mpole kwa walimu na mbishi kwa hesabu. Jibu lisipotoka, chakula hakukigusa. Alihitimu chuo mwaka 2007, akaajiriwa kuandika programu za kompyuta katika hospitali ya rufaa.

Kazi yake ilikuwa programu ya kuagizia damu. Wodi hutuma ombi, kisha huendelea na shughuli nyingine hadi jibu lirudi. Mwaka 2015 ombi moja lilikwama njiani, na programu ikalimeza kosa bila kumwambia mtu. Mzazi mmoja aliyetoka kujifungua akawa anasubiri damu ambayo haikuwa inakuja. Alinusurika chupuchupu. Marehemu alilia, kisha akaipangua programu yote. "Kosa likitokea lipige kelele," aliwaambia wenzake. "Kimya ndicho kinachoua." Tena ombi likivunjika au likifutwa, chupa ya damu iliyokuwa imeshikiliwa kwa ombi hilo ilibidi iachiwe papo hapo, mgonjwa mwingine asinyimwe. Kutwa alikuwa akiwauliza vijana wa ofisini, "Umeshika? Umerudisha?" Jina la Bi Rudisha likamganda.

Mwaka 2010 alikuwa ameolewa na mwalimu wa kemia. Shemeji husema hata wakigombana, hawakulala kabla kila mmoja hajalirudisha neno baya alilolitoa. Mara nyingi ni yeye shemeji aliyekuwa na mengi ya kurudisha.

Januari mwaka huu alikutwa na uvimbe kwenye kongosho. Sisi tumelijua hilo juzi. Alijua yeye na daktari wake, basi. Kweli mganga hajigangi. Tulimwona akirudisha masufuria ya majirani, akikabidhi funguo za ofisi, akigawa nguo zake. Tukamtania, "Vipi, unahama?" Akacheka na sisi. Mama alipoona amekonda alimuuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Akajibu, "Kazi tu, mama." Alilazwa Jumatatu, akafariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025. Tunamlilia, na tumemkasirikia pia, wala hatuoni haya kusema.

Ameacha mume, mabinti wawili, kaka, dada na mama. Tangu Alhamisi, kila anayekuja kutoa pole, mama humshika mkono na kumuuliza, "Si nilimuuliza? Au sikuuliza vizuri?"

Mungu amlaze pema dada yetu, na mama yetu ampe jibu.