Maji ya Mchana, Taa za Jioni: Maisha ya Mwalimu Tobias Elias Nyoni (1953–2025)

Baba Paroko, ndugu, majirani na waombolezaji wote: Mwalimu Tobias, tunayemlaza leo katika ardhi ya Mapera, alikuwa mtoto wa ziwani. Alizaliwa Lundo tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu wa mzee Elias Nyoni, mvuvi, na mama Ottilia. Aliishi mlimani miaka hamsini, lakini usipa, dagaa wa ziwani kwao, uliouzwa sokoni Mbinga hakuuzoea. Alisema umechoka na safari.

Alianza shule ya msingi Lundo mwaka 1961, akasoma sekondari Songea, na mwaka 1974 akahitimu ualimu wa sayansi. Mwaka uliofuata alipangiwa Mapera, akafundisha hapa hadi alipostaafu mwaka 2013. Wengi mliopo mlipita mikononi mwake na mnalikumbuka swali lake: “Nani ameliona?” Hakukubali jambo kwa kuwa tu limetangazwa redioni.

Tarehe 6 Oktoba 1979, katika kanisa hili la parokia, alifunga ndoa na Restituta Kapinga, mwuguzi wa zahanati. Mungu aliwajalia watoto watatu. Nyumba yao ilikuwa ya vitabu, sala na mabishano ya heshima. Mwaka 2019 alimletea mkewe jiko la gesi, akaihubiria familia nzima juu ya moshi na mapafu, kisha akaomba maharage yake yapikwe kwa kuni.

Mabishano mengine aliyafanyia dukani kwa rafiki yake, Bwana Nurdini, aliyekuwa akiuza paneli za jua.

“Mwalimu, jua halina mwenyekiti wala kikao,” Nurdini alimwambia.

“Njoo Julai, ukungu ukiwa umekaa mlangoni, uniuzie hilo jua lako,” alijibu.

Makaa ya mawe hakuyatukana, ila alitaka anayeyasifia ataje pia vumbi la malori yanayoyabeba. Umeme wa maji aliupenda, na hapo ndipo penye jambo ambalo familia inapenda lieleweke vizuri leo.

Mwaka 2004 Mwalimu aliongoza wanakijiji kujenga banio la kukingia maji na mtambo mdogo wa kufua umeme kwenye mfereji wetu. Zahanati, shule, kanisa na nyumba za karibu zilipata taa. Kisha ukaja msimu wa kahawa. Kwa kawaida kahawa ilimenywa mchana kwa maji ya mfereji uleule. Lakini watu walipoona kuna mwanga, kila mmoja aliona heri avune mchana kutwa, amenye jioni chini ya taa. Jioni moja mashine zote za kumenyea zilifunguliwa maji kwa pamoja upande wa juu wa banio, maji yakaisha mferejini, na kijiji chote kikawa giza. Bwana Ignatio Hyera, mkulima mkubwa wa upande wa juu, alikuja mlangoni kwa hasira.

“Mwalimu, kwa nini umetuzimia taa?”

“Sijagusa kitu, Bwana Ignatio. Taa ziko kwenye beseni lako, zinaosha kahawa.”

“Wewe Mnyasa umekulia kwenye ziwa zima. Maji ya kugawana utayajulia wapi?”

Mwalimu alipendekeza zamu: maji ya mchana yawe ya kahawa, ya jioni yawe ya taa. Mkutano wa kijiji ulikataa. Ilisemwa kwamba mtu wa ziwani hana uchungu na kahawa, na mwaka 2006 akaondolewa uenyekiti wa kamati ya umeme. Familia inasema wazi: nyumba ya Mwalimu ilikuwa na kahawa, na msimu ule sehemu yake ilichachia kwenye magunia, kwa sababu yeye hakumenya jioni; alishika zamu aliyoipendekeza hata baada ya wengine kuikataa. Misimu miwili ya giza ilipopita, kijiji kiliipitisha zamu ileile. Hakudai kuombwa radhi. Alichukua koleo, akaenda kuzibua banio.

Nguzo za umeme wa gridi zilipofika mwaka 2017, ilisemwa tena kwamba anapinga maendeleo kwa kuwa alikataa mtambo uuzwe chuma chakavu. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuunganishwa. Alichosema ni hiki: “Umeme wa nguzo ni mgeni wa heshima. Huu wa mfereji ni ndugu. Humfukuzi ndugu kwa sababu umepata mgeni.” Masika ya 2021 udongo uliporomoka na kuangusha nguzo, na jokofu la chanjo la zahanati liliendeshwa na huyo ndugu hadi nguzo ziliposimamishwa.

Mwalimu aliugua figo tangu mwaka 2023. Alipolazwa Songea na kuwekewa mashine ya oksijeni, alimwuliza daktari inakula wati ngapi. Alifariki dunia Jumatatu tarehe 7 Julai 2025, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Restituta, watoto Hilda, Victor na Serafina, wajukuu saba, na mdogo wake Nazari, anayewasomea wasifu huu.

Jana Bwana Ignatio alikuja nyumbani. Alisema, “Mama Hilda, kesho hakuna atakayemenya kahawa. Nimepita kwa wote wa juu. Maji ya mchana ni ya Mwalimu.” Mjane alimkumbusha kwamba ni Julai, na kahawa iliyochumwa haingoji. “Ya kwake ilingoja,” akajibu.

Kwa hiyo tangu alfajiri mfereji umeachwa ushuke wote hadi mtamboni, na kipaza sauti mnachokisikia sasa kinatumia umeme wake.

Bwana ampe Mwalimu Tobias pumziko la amani, na mwanga wa milele umwangazie, ule usio na zamu.