Watoto wa Nyumba ya Marthana

Kule Antiokia, mbele ya genge la Sabina muuza mvinyo wa moto, palikuwa na benchi la jiwe lililolainishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Wenye benchi walikuwa watatu. Nikanori walimwita Wakili, kwa kuwa aliwahi kushtakiwa mara mbili, akajitetea mwenyewe, na mara zote mbili akashindwa. Malko alikuwa Baharia. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kuvuka mto Orontesi kwa mtumbwi, na hata hapo alitapika. Wa tatu, Zabda msuka mikeka, alikuwa Bubu, maana angeweza kumaliza bakuli zima la mvinyo bila kutia neno.

Asubuhi ile walikuwa wakiijadili nyumba ya ng'ambo ya barabara, ya mjane mmoja aitwaye Marthana, mtia rangi nguo. Kila siku ya kwanza ya juma watu waliingia mle, mtumwa na bwana wake kwa mlango mmoja, wakala pamoja. Mji ulishawapa jina: Wakristo.

— Mimi nimewachunguza, — alisema Wakili. — Wanamwabudu mtu aliyesulubiwa. Sasa niambie, bwana, mwenye akili zake atamfuataje mtu aliyeshindwa kesi?

— Wewe umeshindwa mbili, — alisema Baharia, — na bado tunakaa na wewe.

Wakili akalimeza hilo, kisha akadai kwamba mle ndani kuna kichwa cha punda kinachopakwa mafuta na kuvishwa shada. Sabina, aliyekuwa akichochea moto, akasema yeye amepeleka mvinyo mle mara nyingi na hajaona ila mapipa ya rangi. Wakamwambia ameonyeshwa chumba cha mbele tu.

Baharia hakuwa mtu wa kushindwa na punda. Akasogea, akapunguza sauti. Binamu yake alikuwa akizoa taka kwenye jaa la nje ya lango, na alishaona kwa macho yake: wanawake wawili huja alfajiri na kikapu, wanaokota vichanga vilivyotupwa na wazazi wao, wanaondoka navyo mpaka kwa Marthana.

— Kufanyia nini? — aliuliza Wakili.

— We unadhani ule mkate wao ni wa ngano?

Zabda akaweka bakuli chini. Mwaka ule wa nzige, miaka minne nyuma, mkewe Akma alizaa mtoto wa kike, wa nne. Ghalani hamkuwa na kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga yule mtoto kwa kipande cha sufu, akambeba mpaka jaani, akamlaza penye majivu kwa sababu yalikuwa bado na joto. Watu wengi walifanya hivyo mwaka ule, na hakuna aliyewauliza. Akma naye hakuuliza. Toka siku hiyo walizungumza habari za mikeka na chumvi, basi.

— Huyo binamu yako, — alisema Zabda, — ameanza kuwaona lini?

Wenzake wakamgeukia, maana Bubu amesema.

— Siku nyingi. Toka mwaka wa nzige.

Kabla hajauliza tena, Marthana mwenyewe akavuka barabara, mikono yake ya buluu mpaka kwenye viwiko, ana mtungi, na vitoto viwili vya kike vimeng'ang'ania nguo yake. Alikuwa na mgonjwa ndani, akitaka mvinyo wa kumtia joto. Baharia, nusu utani, akamuuliza kama hao wawili wameshanona vya kutosha.

Marthana alielewa. Hakukasirika.

— Kikapu ni changu, — alisema. — Wengine tunakuta mbwa wametangulia, hao tunawazika. Walio hai wanakula, wanapigana, wanaumwa mafua kama wa kwenu. Ila wakipata akili wananiuliza swali, nami sina jibu. Ninyi mmezaliwa mji huu, nisaidieni. Walikosa nini?

Sabina akajaza mtungi, akaufunika kwa kitambaa, na Marthana akangoja, kama mtu anayetaka kujibiwa kweli. Kisha akashukuru akaondoka.

Zabda akamfuata. Alimfikia katikati ya barabara, akamwambia yote kwa maneno machache: mwaka, majivu, kile kipande cha sufu. Marthana akasimama.

— Masika yale tuliokota kumi na mmoja. Walioishi ni watano, wote wasichana. Waliofungwa kwa sufu ni wengi, baba. Wako yumo au hayumo, sijui, na wewe hutajua.

— Basi nifanyeje?

— Wapo watano. Njoo uwaone.

Zabda hakwenda naye. Alikwenda nyumbani kwanza. Alimkuta Akma anasaga, akakaa chini karibu na jiwe, akamweleza kuhusu kikapu na wale watano, na kwamba wao hawatajua kamwe. Halafu akasema lile alilokuwa amelibeba miaka minne: kwamba mtoto alikuwa akimtazama alipokuwa anamlaza.

Akma alilia kwa muda mrefu. Alipomaliza akafuta unga mikononi, akajitanda shuka, akatoka. Zabda akamfuata, akitaka kumwelekeza, lakini mkewe alishatangulia, akapita genge la Sabina bila kugeuka, mpaka kwenye mlango wa Marthana, akagonga. Aliyefungua alimwita Akma kwa jina lake. Ndipo Zabda alipoelewa kwamba Akma alikuwa akija hapa siku zote kuwaona watoto, kabla benchi halijapata watu, na kwamba alikuwa akija peke yake.

— Ingia, — Akma akamwambia, akamshikia mlango.