Komeo na Mlango Mmoja Uliobaki Wazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kututunzia kompyuta, fundi wetu mkuu wa mifumo, ambaye wengi humu hatumjui kwa jina jingine ila Komeo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza akiwa kijana mwembamba wa kuvuta nyaya darini, akapanda hadi kukabidhiwa seva zote. Jina la Komeo alilipata kihalali. Ukienda kunywa chai ukaacha kompyuta wazi, ulirudi ukakuta skrini imegeuzwa miguu juu kichwa chini. Hata mkurugenzi yalimfika, akabaki kupinda shingo mbele ya wageni.

Lakini mwenyewe ametuomba tusimvishe kilemba cha ukoka. "Andikeni na lile la stoo," alisema.

Tulipoletewa seva mpya, mfumo wake, usipoagizwa vinginevyo, uliacha kila faili jipya lisomwe na yeyote mwenye akaunti. Komeo aliuamini ulivyokuja, akaingiza humo mafaili ya wafanyakazi. Ndani yake ilikuwamo barua ya daktari ya dada yetu wa stoo. Mmoja wetu aliifungua, akamwonyesha mwenzake, na wiki haikwisha jengo zima likajua ugonjwa wake. Hakuna aliyemwambia neno. Watu walianza tu kuja na vikombe vyao kutoka nyumbani. Alipoelewa kwa nini, aliacha kazi.

Watengenezaji walikuja kuirekebisha kasoro hiyo, lakini Komeo hakujificha nyuma yao. Tangu hapo, kwake kila kitu kilianza kikiwa kimefungwa, na mwenye haja aombe. Tulinung'unika, tukasema huyu atatunyima hata hewa. Siri ya mtu haikuvuja tena, ila jambo lile limemkaa kooni mpaka leo, na linatuuma sisi pia.

Mwezi uliopita alikwenda kwa dada huyo kumwomba radhi na kumwalika kwenye sherehe hii ya kumuaga. Dada alimpokea vizuri, wakazungumza sana. Ila hatakuja. Ametuma salamu, akataka tuziandike kama alivyozisema: "Kaka Komeo nilishamsamehe zamani. Yeye alisahau kufunga. Nyinyi mlisoma."

Asante kwa kazi yako, kaka. Nenda ukapumzike na familia, afya iwe tele na moyo utulie. Lililobaki ni letu.