Kipini cha Dada Kahawa

Benchi letu liko kati ya kibanda cha fundi viatu na cha fundi baiskeli, mbele ya jiko la mkaa la Dada Kahawa. Ni benchi la watu wa vidole gumba. Fundi viatu, Gundi, hupima soli kwa kubonyeza, Upepo wa baiskeli hupima tairi kwa kubonyeza, na Pindo, fundi cherehani, hawezi kuzungumzia kitambaa kabla hajakifinya. Asubuhi ile Dada Kahawa alikuja na kipini kipya, pua imevimba na kung'aa kama nyanya. Jumamosi wakwe watarajiwa wanakuja kumwona, naye alitaka wamkute nacho.

— Hebu sogea, dada, alisema Gundi, akambonyeza. Aa! Hii inabana tu. Hata kiatu kipya huuma. Itatanuka.

— Toa mkono, inauma!

— Inabana wapi? Upepo naye akasogeza kidole cheusi kwa grisi. Humu umeingia upepo, tundu likafunga. Tuutoe kidogo kidogo.

— Kwa pampu? aliuliza Gundi.

— Pampu inaingiza, mzee. Usinifundishe kazi.

Pindo akavaa miwani, akafinya.

— Nyie wote hamjui. Nyama imekataa rangi. Kipini cha njano kwenye ngozi ya maji ya kunde! Angevaa cha fedha tusingekuwa hapa.

— Kwa hiyo pua yangu inachagua nguo?

— Inachagua, tena ina maringo!

Tulicheka hadi benchi likalia. Dada Kahawa naye alicheka, kisha akashika pua, machozi yakamtoka.

— Jamani, inatoa usaha. Na tangu jana mwili una joto.

— Nani alikutoboa?

— Shoga yangu, sebuleni kwake. Tulikuwa watatu, sindano moja.

— Hakuisafisha?

— Aliifuta vizuri tu. Kwenye gauni lake.

Gundi akapendekeza gundi. Upepo akapendekeza grisi, maana chuma kwenye grisi hakipati kutu. Pindo alikuwa ameshalamba uzi, ili auzungushe kwenye kipini.

Ndipo akaja mama mmoja na kiatu kilichoachia soli. Akasimama, akatutazama tukipokezana ile pua.

— Samahanini, wanangu. Kati yenu, nani amenawa mikono?

Gundi akatazama viganja vyake. Upepo akaficha vyake mifukoni. Pindo akautoa uzi mdomoni.

— Na wewe, binti?

— Mimi ndiye ninayekizungusha tangu asubuhi, alisema Dada Kahawa polepole.

Akateremsha birika, akapooza maji, akanawa kwa sabuni, kisha akajitupia mtandio.

— Naenda zahanati. Wale wenzangu wawili nawapitia njiani.

— Wakisema ukitoe? Na wakwe je?

— Wanakuja kuniona mimi. Kipini kitanisubiri.

— Na kahawa yetu?

Akatumiminia maji yaliyobaki mikononi, mmoja baada ya mwingine, akicheka, mpaka birika likakauka.

— Kahawa ya leo ndiyo hiyo. Sugueni na kucha!