Mama Emérance, Dactylo Aliyeitoa Q Kwenye Kiti Chake

Ba Papa na ba Mama, ndugu wa Kirungu mulioshuka mulima kwa ajili yetu, familia imenituma mimi Bertille, mutoto wa mudogo wake, licenciée en informatique, mwenye digrii ya kompyuta tangu 2019, ambaye biro yake ya kazi mpaka juzi ilikuwa kiti cha plastiki mbele ya nyumba, niwasomee maisha ya Mama Emérance Mwange.

Alizaliwa Kirungu tarehe 14 Machi 1966, akasoma kulekule mpaka sixième primaire, kisha akatelemuka Kalemie kwa shangazi yake, akapata diplôme d'État ya kumaliza sekondari mwaka 1986, na tarehe 5 Januari 1987 akaanza kazi ya dactylo, ya kupiga mashine, katika secrétariat public, biro ya kuandikia watu karatasi zao, karibu na bandari, akaifanya miaka thelathini na nane, na wengi wenu hapa, historia ya marehemu wenu njo yeye aliipiga. Tarehe 20 Julai 1991 alifunga ndoa na Papa Christophe, Mungu akawapa Annie, Exaucé na Aimée.

Mwaka 2021 vidole vilianza kumuvimba, akaambiwa aache kazi, akakataa, akanitafuta. Alikuwa amenunua clavier mécanique d'occasion, kibao cha herufi cha mitumba, kutoka Kigoma lakini ya mpango wa Wafaransa, ile ya kulia ta-ta-ta, ambayo kila touche, kila kitufe cha herufi, inang'oka, na swali lake lilikuwa hili: kwa nini A, ambayo Kiswahili kinaiita kila saa, iko juu pembeni, na Q, ambayo hatuna kazi nayo, imekaa palepale kidole kinapopumzikia, kama directeur général. Miaka mitano ya université, hakuna professeur aliyeniuliza swali la akili namna ile. Tulichukua historia ishirini za marehemu, tukahesabu herufi kwa mbegu za maharagi, A ikashinda zote, tukaihamisha pamoja na I, N na U chini ya vidole, mimi nikaandika fichier ya kuifundisha ordinateur, kompyuta yenyewe, mpango mupya. Tukasahau kwamba commune, serikali ya mtaa, inaandikiwa Kifaransa, Q ikatafutwa kama mbuzi aliyepotea, Mama akanitukana vizuri, nikaongeza touche moja ya kugeuza, Kiswahili huku, français kule.

Tarehe 3 Juni 2022, saa nne asubuhi, alimaliza ukurasa muzima, viganja havikuhama, wateja wamesimama wanaangalia, naye akasema, «Bertille, leo mikono yangu imebaki nyumbani.» Voilà, diplôme yangu ilipata kazi siku ile.

Februari 2025 moyo wake ulichoka, akalazwa, na Jumanne tarehe 9 Septemba akatuacha, akiwa ameniomba neno moja tu, clavier yake isirudishwe kuwa kama ya watu wote. Juzi patron wake, Papa Jovial, alishindwa kupiga hata jina la marehemu juu yake, akashika bisibisi arudishe Q kwenye kiti chake, nikamunyang'anya. Papa Jovial, kwa maneno niliyokutupia nakuomba radhi mbele ya jeneza, bisibisi yenyewe sirudishi. Historia hii nimeipiga juu ya clavier hiyohiyo, siku mbili, makosa mengi, mpaka karatasi ya mwisho mikono yangu nayo ikatulia. Papa Jovial aliisoma jana, akaniambia nije kazini Jumatatu saa mbili, à l'essai, kwa kujaribiwa kwanza, anasema, bila aibu. Nitakuja.

Familia inawashukuru madaktari na infirmières waliomuhangaikia, majirani waliochota maji na kupika, na wenzake wote wa secrétariat.

Mama Emérance, vidole vyako vimetembea vya kutosha. Lala kwa amani, A iko pale ulipoiweka.