Jina Ndani ya Kengele ya Currawong

(Kengele inalia mara mbili, nzito.)

MERV: Haloo? Ni nani? Nani anagonga kengele hivyo?

LORELLE: Ni mimi, Baba. Lorelle. Anayegonga ni mjukuu wako. Tilly, basi, nenda kwa baba yako.

MERV: Kengele ya wapi?

LORELLE: Usinune. Tuko bandarini Geelong, tunatazama meli za kivita za zamani. Mume wangu Dougal kabeba soseji za kulisha kikosi. Nimepanda meli yako, Baba. Currawong.

(Simu inakwaruza.)

LORELLE: Umekimbia? Baharia gani wewe, kujificha bara huko Wagga, hata shakwe hafiki—

MERV: Nilikukataza kwenda huko.

LORELLE: Ulinikataza hata bwawa la shule. Sikiliza. Mzee anayetutembeza anasema watoto wa mabaharia walibatizwa humu. Kengele inapinduliwa, inatiwa maji, halafu jina la mtoto linachorwa kwa ndani. Nikajipenyeza chini yake na tochi. Nimo.

MERV: Umeona, basi. Shukeni.

LORELLE: “Lorelle Anne Prowse, Machi 1984.”

MERV: Fundi alikosea.

LORELLE: Mimi nimezaliwa themanini na saba, Baba.

(Upande wa Merv, kiti kinasogezwa.)

LORELLE: Huyo ni nani?

MERV: Tilly yuko wapi?

LORELLE: Nimekuuliza—

MERV: Na mimi nakuuliza. Yuko wapi?

LORELLE: Kamfuata Dougal kule nyuma, penye ngazi ya kushukia kwenye injini.

MERV: Kashikwa mkono?

LORELLE: Hataki kushikwa. Ana miaka minne, anajiona nahodha.

MERV: Mfuate. Usikate simu, tembea.

LORELLE: Natembea. Unanitisha.

MERV: Ilikuwa siku ya familia, kama leo. Soseji, maputo. Alikuwa na miaka mitatu. Nilimwachia mkono niwashe sigara.

LORELLE: Nani, Baba?

MERV: Dada yako. Mama yako alikuwa na mimba yako.

(Mkwaruzo.)

LORELLE: Na bado akanipa jina lake?

MERV: Alisema lisikae bure. Ningemkatalia kwa uso gani? Miaka yote hii, kila nikikuita, nangoja waitike wawili.

LORELLE: Mungu wangu... Baba, namwona Tilly.

MERV: Yuko na Dougal?

LORELLE: Dougal yuko chini, anapiga picha. Mtoto kapita chini ya mnyororo. Kasimama ukingoni kabisa mwa shimo la ngazi, kanipa mgongo. Til—

MERV: Usimwite.

LORELLE: Baba, ataanguka—

MERV: Usimwite. Mimi nilimwita. Akageuka kunichekea, mguu ukateleza.

(Pumzi tu.)

MERV: Lorelle? Chaji yangu ina— unanisikia? Vua viatu. Tembea.

LORELLE: (kwa mnong'ono) Nimevua. Simwiti, Baba. Nakuahidi. Simwiti.