Ruta ya Karani Yatolewa Nyumbani

Kwenye benchi la ukutani kwa Kinyozi, lile lenye mguu mmoja wa tofali, asubuhi hiyo walikaa watu wawili na ruta moja. Ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilikuwa mapajani mwa Karani, imeviringishwa taulo kama mtoto anayepelekwa kliniki. Karani alistaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuandika barua za ofisi, na juzi, kwa mara ya kwanza, aliandika ya kwake: malalamiko kwenye tovuti ya ofisi ya mtaa kuhusu Bwana Vibali, anayefungua dirisha saa nne na kulifunga saa nne na nusu. Tovuti iliahidi kwamba mlalamikaji hatajulikana. Ila ombi la Karani la kuongeza chumba, cha binti yake anayerudi na mapacha, lilikuwa mezani kwa huyohuyo Bwana Vibali.

— Kila nyumba yenye intaneti ina namba, alisema Fundi Redio aliyekaa naye, akipuliza kahawa. Inaitwa IP. Ukituma kitu, namba inakwenda nacho. Ndiyo maana nikakwambia uizime ruta. Ukija kuiwasha, kampuni huenda ikakupa namba nyingine.

— Nimeizima tangu jana. Mama watoto hasemi nami.

— Kuzima tu hakutoshi, Kinyozi alidakia kutoka mlangoni, mkasi mkononi. Namba imeshaizoea nyumba. Kinyozi hajinyoi, mzee wangu. Ruta ibadilishiwe namba ugenini.

— Ndiyo nimeileta.

— Umefanya la maana. Asiyekuwapo na lake halipo. Wakija kupekua, ruta haipo, kesi haipo.

Karani alihisi kifua kinapanuka. Tangu astaafu hakuwahi kuwa na siri yenye mpango.

— Tuichomeke kwa dada yangu, ng'ambo ya barabara, alisema Fundi Redio, naye damu imeshamchemka. Ikishika namba ya kule, lawama zinahamia kule.

— Dada yako kakukosea nini? Karani aliuliza.

— Hana kinyongo yule.

— Karibu mno, alisema Kinyozi. Ipande basi hadi mpakani. Iwashwe huko dakika tano, izimwe, irudi. Watatafuta nchi mbili.

— Na taulo?

— Taulo libaki. Taulo linajulikana.

Karani alikuwa ameshasimama, anawaza basi la saa ngapi, pale muuza kahawa alipoinua birika. Alikuwa mgeni, ndiyo kwanza siku yake ya pili kwenye kona ile.

— Samahani, baba. Hiyo barua uliimaliziaje?

— Kama barua yoyote. Wako katika ujenzi wa taifa.

— Halafu?

Karani aliketi polepole. Miaka thelathini na minne, barua isiyo na jina kamili, namba ya nyumba na kumbukumbu namba aliirudisha kwa mwenyewe na wino mwekundu. Vidole vyake havikujua kumaliza ukurasa kwa njia nyingine.

Fundi Redio alimrudishia muuza kahawa kikombe. Kinyozi alirudi ndani na mkasi wake.

— Hiyo si kitu, alisema Karani kwa sauti ndogo, akiifunika ruta vizuri. Chini yake niliweka nakala. Kwa Bwana Vibali, kwa taarifa.